Tiki Nne Ukutani

Kila asubuhi ya likizo, kazi ya kwanza ya Kifungo ilikuwa kufagia nyuzi. Alifagia chini ya vyerehani viwili vya mama yake, chini ya meza ya kukatia vitambaa, na chini ya kiti cha bibi yake, ambako vifungo vilipenda kujificha. Shuleni alikuwa na jina lingine, lakini mtaa mzima ulimwita Kifungo tangu alipomeza kifungo cha koti la mteja akiwa na miaka miwili. Bibi alikisubiri siku mbili. Kilipotoka, kilioshwa kwa sabuni, kikashonwa mahali pake, na mwenye koti hakuambiwa kitu.

Asubuhi hiyo Bibi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba.

"Kitendawili!" alisema.

"Tega!"

"Nina mgeni amekaa pembeni. Mchana kutwa anakula vumbi, wala hashibi."

Kifungo akacheka. "Kompyuta!"

"Haya, umepata. Na huyo mgeni wetu, umemsafisha kinywa?"

Kicheko kilimkauka Kifungo. "Ndiyo, Bibi," akajibu, akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Kompyuta ile Mama aliinunua ikiwa imetumika, baada ya paa kuvuja na daftari lake la vipimo kulowa lote. Sasa ndani yake mlikuwa na vipimo vya sare za wanafunzi mia moja thelathini na wawili: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, urefu wa sketi. Mama alipima na kutaja kwa sauti, Kifungo akaandika. Wanafunzi walikuwa wameshatawanyika likizo, wengine kwa ndugu zao mbali, nao wangerudi shule itakapofunguliwa, siku kumi na mbili zijazo. Siku hiyo kila mmoja alitakiwa aingie getini akiwa na sare mpya.

Lakini karakana ya ushonaji si mahali pema kwa kompyuta. Kila kitambaa kinachokatwa hutoa manyoya madogo yasiyoonekana, nayo huruka, huingia kwenye feni ya kompyuta na kujisokota humo kama pamba ya mto. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake, Mama alibandika karatasi ukutani yenye visanduku vinne. Cha kwanza, fungua ubavu wa kompyuta usafishe feni kwa brashi. Cha pili, kagua waya na plagi. Cha tatu, nakili vipimo vyote kwenye flashi. Na cha nne, peleka flashi nyumbani kwenye kopo la Bibi, ili hata karakana ikiingia maji, vipimo visilowe. Kila kazi iliyokwisha ilipigwa tiki.

Safari hii Mama alimkabidhi Kifungo kazi yote. "Umekua," alimwambia. "Sitakusimamia."

Kifungo alikagua waya na plagi. Skrubu za ubavuni zilikuwa ngumu, akasema moyoni, nitazifungua kesho. Alipochomeka flashi, kompyuta ikaandika kwamba hakuna nafasi. Flashi ilikuwa imejaa nyimbo alizopewa na rafiki yake, nyimbo mia mbili na zaidi. Alizitazama, akaona uchungu kuzifuta. Nitazihamisha kesho, akasema tena. Kisha akashika kalamu na kupiga tiki zote nne, maana karatasi yenye tiki moja tu ilionekana kama mdomo wenye mapengo. Flashi akaitumbukiza kwenye kopo la Bibi, na nyimbo zake ndani.

Siku nne zilipita. Kompyuta ikaanza kunguruma. Mama asije akasikia, Kifungo alilifunika sanduku lake, si kioo, kwa kitambaa cha maua ambacho Bibi alikifuma kwa mkono. Kitambaa hicho kilikuwa cha kuifunika ikiwa imezimwa. Yeye aliifunika ikiwa inafanya kazi, naye akafurahi kuona sauti imepungua.

Na sasa, asubuhi hiyo ya kitendawili, kabla hajamaliza kufagia, Mama aliiwasha ili asome vipimo vya darasa la mwisho, ambalo alitaka kuanza nalo kukata. Alipolifungua tu darasa hilo, kompyuta ilinguruma chini ya kitambaa, ikapiga kelele nyembamba kama mbu, kisha ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Harufu ikatoka, kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

"Mungu wangu!" Mama alisema. Akaibonyeza mara ya pili, ya tatu. Kimya. "Sare za watoto wa watu zimo humu!"

Kifungo akakiondoa kitambaa haraka na kukificha nyuma ya mgongo wake.

Fundi wa kompyuta alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye mfuko wa bisibisi begani. Alifika upesi, akalegeza skrubu na kufungua ubavu. Akachomoa pale kwenye feni donge la manyoya ya nguo, kubwa kama kifaranga, akaliinua hewani.

"Dada, huyu ulikuwa ukimfuga?"

Bibi alicheka peke yake. Mama hakucheka. Aligeuka kutazama karatasi ukutani, halafu akamtazama Kifungo.

"Si ulisafisha, mwanangu?"

"Vumbi ni jingi, Mama," Kifungo alisema. Halikuwa jibu, na alijua halikuwa jibu.

Fundi alisafisha feni, akawasha. Kwenye kioo kiduara cha kusubiri kilizunguka kikazunguka, kompyuta isifike popote. "Joto limeizima ghafla, imechanganyikiwa," alisema. "Sasa, nina njia mbili. Ya kwanza, nifute kila kitu kilichomo na kuweka programu upya. Mchana huu huu unaendelea na kazi. Ya pili ni ndefu, nitoe diski, niisome kwenye mashine yangu, nichote kilichomo kidogo kidogo. Vipimo vyako una nakala?"

"Ninayo," Mama alisema, na uso wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Binti yangu alinakili. Ona, tiki ile pale."

"Basi ya nini kujitesa? Tufute."

"Kifungo, kimbia nyumbani ukalete flashi. Fundi anaanza."

Kifungo alitoka mbio. Nyumbani ni mwendo wa nyumba sita tu, lakini siku hiyo miguu ilimwenda kama imefungwa mawe. Alifungua kopo la Bibi, akaitoa flashi. Ilikuwa nyepesi mno kwa shida iliyobeba. Nitasema imeharibika, aliwaza. Nitasema panya. Hapana, panya na flashi wapi na wapi.

Njiani alikutana na rafiki yake Twiga, msichana mrefu kuliko watoto wote wa darasa lao.

"We Kifungo! Sare yangu vipi? Mwaka huu sitaki mchezo. Mwaka jana nilivaa sketi ya dada, ikaishia huku juu, wakaniita mchezaji mpira."

"Itakuwa tayari," Kifungo alisema.

"Apa."

Kifungo hakuapa. Twiga akaiona flashi mkononi mwake. "Ee! Nyimbo zangu hizo? Ziliingia zote?"

"Zote," Kifungo alinong'ona, na hapo ndipo alipoona jambo lote lilivyo. Wakati yeye amesimama hapa akitafuta uongo wa pili, Fundi alikuwa anafuta. Akifuta, hapatakuwa na vipimo popote duniani. Si vya Twiga, si vya mtu yeyote. Na Mama angepima watoto gani, ilhali hawapo?

Akakimbia. Safari hii alikimbia kweli.

Alipofika mlangoni, kioo kilikuwa kinang'aa. Fundi alikuwa ameinama, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Pale kwenye kioo paliandikwa: *Una hakika unataka kufuta vyote?*

"Usibonyeze!" Kifungo alipiga yowe. "Fundi, usibonyeze! Nakala haipo!"

Kidole kilibaki hewani. Mama alisimama, futi ya kupimia ikamdondoka shingoni.

"Haipo vipi?"

"Flashi ina nyimbo. Ilisema hakuna nafasi, nami sikuzifuta. Sikufungua skrubu. Nilipiga tiki tu. Na iliponguruma niliifunika kwa kitambaa cha Bibi ili usisikie." Alisema yote kwa pumzi moja, maana alijua akimeza mate hatamaliza. "Nisamehe, Mama."

Fundi alikiondoa kidole chake polepole, kama mtu aliyekiweka juu ya kichwa cha nyoka.

"Pumzi moja tu," alisema. "Ungechelewa pumzi moja tu, mtoto wewe."

Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani. Hakugomba. Kifungo angependa agombe. Alitazama tu karatasi ya ukutani, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Njia ya pili itawezekana?"

"Tujaribu. Siahidi."

Fundi alitoa diski, akaiunganisha na mashine yake ndogo. Kwanza haikusomeka. Akaichomoa, akaichomeka tena. Kifungo alisimama pembeni akikunja na kukunjua kitambaa cha maua, mpaka Bibi akamnyang'anya. Adhuhuri ikapita, chai ya Fundi ikapoa. Kisha majina yakaanza kutokea kwenye kioo, darasa moja, darasa la pili, la tatu. Kila darasa lilipofunguka Mama aliitikia kwa kichwa kidogo, kama anayepokea watoto mmoja mmoja.

"Darasa la mwisho limegoma," Fundi alisema hatimaye. "Lilikuwa wazi mashine ilipozimika. Watoto tisa. Wengine wote wapo."

Tisa! Kati ya mia moja thelathini na wawili! Kifungo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mama aliokota futi ya kupimia, akamvisha shingoni.

"Hao tisa ni wako. Utawatafuta, utawapima, utaniletea. Walio mbali, utawapigia simu wazazi wao na kuwaeleza namna ya kupima. Na ukiulizwa kwa nini wanapimwa mara ya pili, utasema sababu ya kweli."

"Ndiyo, Mama."

Wa kwanza alikuwa Twiga, ambaye alikuwa amemfuata Kifungo na sasa anachungulia dirishani. Alipoelezwa sababu, alivuta mdomo. "Kumbe nyimbo zangu zingenivalisha kikaptula!" Lakini alinyoosha mikono apimwe, na jioni ile akamsindikiza Kifungo kwa wawili wengine. Iliwachukua siku tatu kumaliza tisa.

Nyimbo zilifutwa. Vipimo vikanakiliwa, Fundi mwenyewe akavifungua kwenye flashi kuhakikisha vinasomeka, ndipo flashi ikarudi kwenye kopo. Sare zilikamilika siku moja kabla ya shule kufunguliwa, na sketi ya Twiga ilifika inapotakiwa kufika.

Jioni hiyo walipokuwa wakifunga karakana, Bibi alisema, "Kitendawili!"

"Tega," Kifungo alijibu kwa woga.

"Kidogo kuliko sindano, nilikibeba siku nne kikanivunja mgongo."

Kifungo alitazama ukutani. "Tiki, Bibi. Tiki ya uongo."

"Umepata," Bibi alisema.

Mama alikuwa amekwisha kubandika karatasi mpya. Akampa Kifungo kalamu. "Sikiliza, mwanangu. Kazi ambayo haijafanyika si msiba. Nikiona kisanduku kitupu, nitakuja tuimalize pamoja. Lakini ukipiga tiki ya uongo, unanifunga macho, na mtu aliyefungwa macho hufuta vyake kwa mkono wake mwenyewe. Kama hujafanya, andika *bado*. Neno hilo halijaunguza kompyuta ya mtu yeyote."

Mvua zilipokwisha, siku ya kusafisha ilifika tena. Mama alikuta tiki tatu ukutani, na kwenye kisanduku cha kwanza, kwa herufi kubwa: *BADO. Skrubu moja imenishinda.* Akatabasamu, akachukua bisibisi, akamwita Kifungo.

Bibi naye alikuwa amejifunga mtandio kichwani, anatoka.

"Unakwenda wapi, Mama?" Mama Kifungo akamuuliza.

"Kwa mwenye lile koti," Bibi alisema. "Miaka kumi hii, na mimi nina cha kumwambia."