Uga Uliojijaza

Kosa la kwanza lilikuwa la tarehe. Mkuu wa chuo aliirudisha barua mezani kwa katibu muhtasi wake, akauliza kwa upole kama siku hizi dada anaishi nyuma ya kalenda. Barua iliandikwa asubuhi ile ile, lakini juu, upande wa kulia, ilisomeka tarehe tisa Machi, na Machi ilikuwa imepita miezi saba.

Katibu akaomba radhi. Tarehe ile haikuandikwa na mtu. Kiolezo cha barua kilikuwa na uga, yaani nafasi inayojijaza yenyewe: ukifungua hati leo, inaandika leo. Kilitengenezwa na mama aliyekikalia kiti kile kabla yake, mtu mzima ambaye chuo kizima kilimwita Bi Taipu, kwa sababu alianza kazi enzi za mashine za taipu na hakuchoka kuzisimulia. Katibu akaufuta uga, akaandika tarehe kwa vidole vyake, akachapisha. Karatasi ikatoka na tarehe tisa Machi.

Tarehe tisa Machi ndiyo siku Bi Taipu aliyofukuzwa kazi. Wiki sita baadaye alifariki. Presha, walisema.

Wiki ile mambo yakazidi. Chini ya kila hati palikuwa na maneno “Imeandaliwa na”, kisha jina la katibu. Sasa likawa linatokea jina la Bi Taipu, kamili, na la baba yake na la babu yake. Katibu aliandika kwa herufi za kawaida, zikalala upande. Akizinyoosha, zinakuwa nzito. Akitoka kwenda kuchukua faili, anasikia nyuma yake kibodi ikigongwa, na kila mwisho wa sentensi kidole gumba kinapiga nafasi mara mbili, ta-ta, kama Bi Taipu alivyozoeshwa na mashine zake. Akigeuka, kiti kitupu. Kuna harufu tu, ile dawa ya kuchua ambayo marehemu alijipaka kwenye viungo vya vidole.

Fundi wa kompyuta aliisafisha mashine, kisha akaleta nyingine mpya, bado ina nailoni. Haikupita saa moja, tarehe tisa Machi ikarudi.

Wiki moja kabla ya mahafali, katibu aliketi kuchapa vyeti vya wahitimu mia mbili na kumi na mbili. Kazi nyepesi: cheti ni kimoja, orodha ya majina iko kando, na uga wa jina unajijaza cheti kwa cheti. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, wanafunzi wanacheka uani, na printa ikaanza kutema karatasi, naye akaokota ya kwanza akaona kwamba mahali pa jina la mhitimu hapakuwa na jina bali sentensi, akaokota ya pili na ya kumi na ya hamsini, na zote, kwa herufi nzito, katikati ya ukurasa, zilisema: “Nathibitisha kuwa nilimwona kwa macho yangu akitoa karatasi za mtihani nje ya ofisi,” na alipochomoa waya ukutani printa haikusimama, iliendelea kutema mpaka karatasi zikamfika vifundoni, na harufu ya ile dawa ikamwingia kooni kama moshi.

Sentensi ile aliiandika katibu mwenyewe, kumshtaki Bi Taipu. Hakuona kitu chochote. Karatasi za mtihani alizitoa mkuu mwenyewe, akampa mtoto wa dada yake, na siri ilipoanza kuvuja alihitaji mtu wa kutupiwa lawama. Alimwita katibu, wakati huo akiwa msaidizi tu, akamwambia kiti cha Bi Taipu kitakuwa wazi. Naye alikitamani kiti kile. Aliandika, akasaini.

Mkuu alipoona vyeti aliufunga mlango kwa ufunguo. Jumamosi, chuo kikiwa kitupu, tarishi mzee alimleta mganga, mama mwembamba mwenye mkoba wa sokoni, ambaye ungedhani amekuja kuulizia nafasi ya mjukuu wake. Hakuitazama kompyuta. Alimketisha katibu mbele ya mkuu, akamshika utosi, akasoma anayoyajua kwa sauti ya chini. Katibu akalegea, na sauti nzito ya jini ikatoka kinywani mwake.

“Nilikaa na yule mama miaka thelathini,” ilisema. “Sikumdhuru, hakunidhuru. Mmemtoa kwa uongo.”

“Unataka nini ili uondoke?” mganga aliuliza.

“Ukweli. Uandikwe, usainiwe, apewe mwanawe. Msaini wote wawili.”

Katibu alipozinduka, mganga akawarudia maneno yale, akatoka nje kuwasubiri. Mkuu akainama karibu na sikio la katibu. Alinong'ona kwamba yeye ana chuo na familia, kwamba wakianguka wote wawili hakuna atakayemwinua mwenzake, lakini akibaki mmoja, huyo mmoja atampa mwenzake barua nzuri ya kuombea kazi kwingine. Katibu akaandika kwamba uongo aliutunga yeye, peke yake, kwa tamaa ya cheo. Akasaini. Mganga aliisoma, akamgeukia mkuu.

“Mmempa nusu,” alisema, akachukua mkoba wake akaenda.

Lakini vyeti vilichapika safi, tarehe ikakaa sawa, harufu ikaisha. Jumatatu katibu alifukuzwa kazi.

Barua ile ya kukiri aliipeleka mwenyewe kwa binti wa Bi Taipu, fundi cherehani, aliyeisoma amesimama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

“Mama alikufa akiniuliza amewakosea nini,” binti alisema. “Ulikuwa peke yako, dada?”

“Peke yangu.”

Binti akaikunja barua, akarudi kwenye cherehani yake, na hakumtazama tena.

Mwezi uliofuata katibu aliitwa kwenye usaili wa kazi, ofisi moja ya mawakili. Barua ya mkuu ilikuwa imemsifu sana. Wakampa ukurasa wa kunakili na dakika kumi. Aliandika haraka, mgongo umenyooka, na vidole vilimtii vizuri kuliko siku zote. Wakili, mwanamama mwenye miwani, alikuja kutazama. Ukurasa mzima ulikuwa jina moja, mstari baada ya mstari, herufi nzito, limewekwa katikati. Jina la mkuu wa chuo.

“Huyu ni nani?” wakili aliuliza taratibu.

Mwanamke yule alikuwa mtu wa sheria, alikuwa akimsubiri ajibu, na mlango ulikuwa umefungwa; katibu angeweza kumwambia yote.

“Simjui,” katibu alisema.

Wakili akaivuta kibodi kuiondoa. Vidole vya katibu havikusimama. Viliendelea kugonga juu ya meza tupu, na kila mwisho wa mstari gumba likapiga mara mbili.