Mhuri wa Kesho

Mama Pilipili aliketi juu ya kreti tupu, akavua viatu. Alikuwa akichuma tangu alfajiri. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha. Jina hilo alipewa na majirani, naye hakulikataa, maana pilipili za kuuza ng'ambo ndizo zilizoilisha nyumba yake.

Simu ya mumewe ikalia. Aliyepiga alikuwa msafirishaji wao. Mume alisikiliza, akasema "haya" mara tatu, akakata.

"Zimeoza tena. Zimezuiwa siku tisa kule ng'ambo, zinakaguliwa."

"Si zilikuwa na cheti?"

"Kilikuwepo, na mhuri juu yake."

"Jamani, mara ya tatu hii! Nimechoka, mume wangu. Nimechoka mpaka mifupa."

"Basi tuzing'oe. Jumatatu nanunua jembe jipya, tupande mahindi tule wenyewe."

Mama Pilipili aligeuka kulitazama shamba. Miaka sita ya jasho lake ilikuwa katika shamba lile.

Jirani yao, karani mstaafu wa bandari, alikuwa mlangoni. Alikuja kurudisha ndoo, akayasikia yote.

"Cheti mlichukua lini?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Na pilipili mlichuma lini?"

"Alhamisi."

"Loo! Sasa mkaguzi alikagua nini, maua?"

Mama Pilipili aliona haya. Katika ofisi ya ukaguzi jambo hilo lilikuwa na jina lake: mhuri wa kesho. Unagongewa leo, unachuma ukipata nafasi. Lilipunguza safari, na nani asingefurahi? Yeye mwenyewe alizoea kumsifu mkaguzi kwamba ana utu.

"Sikiliza, dada," alisema karani. "Mnunuzi wa ng'ambo hakujui. Anaujua mhuri tu. Siku wakikuta funza kwenye katoni yenye mhuri, hawauamini tena, uwe wako au wa nani. Wanafungua katoni zote za nchi hii, moja moja. Na pilipili haingoji."

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema mume.

"Lakini zangu hazikuwa na funza!"

"Nani alizitazama?" aliuliza karani.

Mama Pilipili aliinama, akaokota viatu vyake.

"Nendeni na kikundi chenu cha wakulima kwa mkuu wa ofisi ya ukaguzi," aliendelea karani. "Ombeni mkaguliwe baada ya kuchuma. Katoni zifunguliwe, na kila moja iandikwe namba ya shamba. Akikosea mtu, ajulikane yeye."

Walikwenda. Mara ya kwanza mkuu alikuwa mkutanoni. Mara ya pili waliambiwa waandike barua. Mara ya tatu barua haikuonekana. Wakulima wengine walinuna: "Mnatutafutia balaa!" Jembe jipya lilikuwa limeegemea ukuta, linasubiri. Mara ya tano mkuu alikubali. Mhuri wa kesho ukapigwa marufuku, na tangazo likabandikwa ukutani.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi alifungua katoni ishirini za Mama Pilipili. Akapasua pilipili kwa kisu. Ndani, funza akajinyonganyonga.

"Katoni mbili hazipiti, mama."

Funza, kwake! Maneno yalimfika mdomoni: si tunajuana, baba? Akayameza.

"Ziweke kando," alisema.

Kumi na nane zikagongwa mhuri. Mbili alizibeba mwenyewe kurudi nyumbani, nzito kuliko alivyozipeleka. Tangu siku hiyo, kila pilipili iliyoanguka ilifukiwa, funza wasizaliane.

Majuma yakapita. Mizigo ya kwanza bado ilizuiwa siku saba, kisha nne. Uaminifu ukivunjika haurudi kwa siku moja. Halafu simu ikalia.

"Zimezuiwa siku ngapi?" aliuliza Mama Pilipili.

"Hazikuzuiwa," mumewe alijibu. "Zimepita siku ileile."

Mama Pilipili hakushangilia. Aliketi juu ya kreti, akalia kidogo, akajifuta kwa kanga. Mume alilichukua lile jembe, akaenda kupalilia pilipili.

"Kesho tunakwenda kuchukua mhuri?" aliuliza kutoka shambani, kwa utani.

"Kesho tunachuma," alijibu mkewe. "Mhuri baadaye."