Mkono-maji na Nyenga wa Ghorofa ya Arobaini

Mkono-maji ulishuka kutoka darini bila mlio, vidole vyake sita vya mpira laini vimejaa mafuta ya kuviendesha, ukazama tangini kumpa Sinia kamba wake wa asubuhi. Sinia alikuwa nyenga wa maji baridi, samaki bapa, mviringo, mwenye mwiba wa sumu mkiani. Injinia Sekela, aliyeubuni mkono huo, alikuwa anakunywa chai yake wala hageuki. Miaka tisa hajalowesha hata ukucha. Katika Dodoma ile ya maghorofa, mikono mia nne ya namna hiyo ilitunza nyenga mia nne, na wenye nyumba kazi yao kutazama tu.

Mkia ukapiga mara moja. Kidole kikatoboka, mafuta yakatanda juu ya maji, mkono ukalegea.

Sinia akaanza kuhema ovyo. Asipohamishwa upesi, basi tena. Beseni lipo, maji safi yapo. Mtu wa kumhamisha ndiye hayupo. Sekela akampigia simu mzee Chipalo, mtunza samaki ambaye zamani waliirekodi miondoko yake kuifundisha mashine, kisha wakamwambia asante, nenda nyumbani.

Akafika ghorofa ya arobaini anatweta, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mmenikumbuka! Nilidhani mimi nimo humo ndani ya mpira." Akauona wavu mkononi mwa Sekela. "Weka mbali huo. Mwiba ukinasa kwenye nyuzi mtaumizana. Zamisha beseni. Maji ya moto yapo?"

"Ya chai?"

"Ya jeraha! Ukichomwa, unatumbukiza mkono kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, bila kujibabua, halafu hospitali mbio."

Lakini vidole vya mzee mwenyewe vilikuwa vizito sasa. Miaka tisa ya kukaanga karanga za kuuza, tangu aachishwe kazi, si ya kushika samaki.

"Ingiza wewe. Kiganja bapa, mbele yake, mbali na mkia. Hapo hapo. Tulia."

"Mzee, anakufa!"

"Tulia, nimesema."

Sekela akatulia. "Kwenye rekodi ulikuwa unasimama hivi kila mara," alisema taratibu. "Tulidhani unapumzika. Tukavikata vipande vyote hivyo."

"Nilikuwa nangoja anione. Kitu kikimshukia ghafla, kwake ni adui. Kakivumilia kimashine chako miaka yote hiyo, ana moyo huyo."

Macho mawili madogo yakamtazama Sekela. Kisha Sinia akapandisha kingo zake, akateleza polepole mpaka ndani ya beseni.

Sekela alichukua simu azime mikono yote mjini.

"Zima," mzee alisema. "Ila kesho nani atawalisha?"

"Wenye nyumba wenyewe."

"Hawajui hata mwiba ulipo."

Kweli. Matangazo yake mwenyewe ndiyo yaliyowaambia hawana haja ya kujua. Akabonyeza hivyo hivyo. Dakika haikuisha, mama mmoja akapiga simu akifoka: mkono umekufa, samaki ana njaa, anaingiza wake.

"Usiingize, mama, nakuomba! Kuna mtu hapa anajua." Akamsogezea mzee kiti na simu.

Chipalo akakohoa, akaiweka sikioni. "Dada, huyo samaki umeshamtazama vizuri lakini? ... Basi vuta kiti. Tuanzie hapo."