Pweza Asiyekimbia

Kila maji yalipokupwa, Mama Pacha alishika fimbo yake ya chuma akaenda mwambani kuwinda pweza. Zamani ndoo ilijaa. Siku hizi alirudi na wadogo watatu, wakaenea bakuli moja.

"Wifi, hawa umewatoa mwambani au chekechea?" dada wa mumewe alimtania.

Mama Pacha alicheka, lakini kwa wasiwasi. Mumewe alikuwa amevunjika mguu. Mwamba ukiisha pweza, mapacha watakula nini?

"Afadhali ninalo shimo langu," alisema. "Pweza wa pale hakimbii hata ukimgusa."

Jirani yao, afisa uvuvi, alikuwa anaanua nguo. Akageuka.

"Mama Pacha, humo shimoni hujaona vitu vyeupe vinaning'inia, kama punje za mchele?"

"Naviona. Si takataka tu?"

"Ni mayai, dada yangu. Yule ni mama, anayalinda. Haendi hata kutafuta chakula. Yakishaanguliwa, anakufa. Ukimtoa mapema, mayai yote yanaharibika."

Mama Pacha aliwakumbuka wote aliowatoa mle, akaona aibu.

Wawindaji wa pweza wakakubaliana kufunga nusu ya mwamba, upande wenye lile shimo, mtu asiwinde hapo kwa miezi mitatu. "Pweza hukua haraka," afisa aliwaeleza. "Wadogo watanenepa, na mama wataangua."

Wiki ya sita, nusu iliyoachwa wazi haikutoa kitu, na unga ulibaki wa siku moja. Mama Pacha akawaza: Nikienda mara moja tu, nani atajua? Alfajiri akaenda peke yake kwenye lile shimo.

Pweza alikuwemo, amekonda, amekumbatia mayai. Mama Pacha aliinua fimbo. Pweza hakukimbia. Akaishusha fimbo, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wifi yake aliuona uso wake. Akammegea unga wake.

Siku ya kufungua mwamba, pweza wa kwanza wa Mama Pacha alikuwa mzito, wakamvuta watu wawili.

"Huyu sasa kamaliza shule!" wifi alipiga kelele.

Ndoo zilijaa. Kabla ya kuondoka, Mama Pacha alichungulia lile shimo. Lilikuwa tupu. Mayai yalikuwa yameanguliwa, na mama hayupo tena. Kisha akawageukia wenzake.

"Jamani, tunafunga tena lini?"