Nilifuta Maneno ya Marehemu Nikidhani ni Uchafu

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, naishi Nyamasaria, Kisumu. Nina digrii, na tangu utotoni nimekuwa mtu wa kubisha. Mchungaji akihubiri, nabisha. Mhadhiri akifundisha, nauliza ushahidi uko wapi. Leo naandika kwa aibu, kwa sababu kuna jambo dogo ambalo sikuliuliza kabisa...

Kazi yangu ni kufufua vitabu vya zamani. Mwandishi akishakufa na miaka ya haki yake ikaisha, kitabu kinakuwa mali ya kila mtu. Unakichapa upya bila kumwomba yeyote ruhusa. Niliipenda sheria hiyo kupita kiasi!

Rafiki yangu Achieng' aliniambia kwamba bibi yake, kule Bondo, ana kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na mwalimu mmoja wa kale aliyezunguka ziwa kwa miguu. Nilikuwa nimekitafuta miaka miwili! Tukaenda pamoja. Bibi huyo, ambaye sote tulimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, alikitoa sandukuni kikiwa kimefungwa kwa leso. Pembezoni mwa kurasa kulijaa maandishi ya penseli kwa Kijaluo. Mimi ni Mmaragoli, na Kijaluo changu ni cha kununulia dagaa wa omena sokoni tu.

"Hiyo ni ya mzee yangu," Dani alisema akigusa ile penseli. "Chukua usome, mtoto wangu. Lakini unirudishie hii hii."

"Nitarudisha, Dani."

"Huyu namjua," Achieng' akaniwekea dhamana.

Nikafanya nini? Nilikipeleka kwa mchapaji kikakatwa mgongo, ili kurasa zipite haraka kwenye skana. Kisha nikaiamuru kompyuta isafishe kila alama isiyo ya wino. Penseli yote ikatoweka! Kurasa zikang'aa, nami nikafurahi. Picha za kwanza, zile zenye penseli, nikazifuta, maana kompyuta ilikuwa imejaa. Karatasi zenyewe zilikaa kwenye katoni mpaka zikanichosha, nikampa mama anayeuza njugu pale kwenye steji ya matatu, azifungie njugu zake.

Nilijiambia kwamba kitabu ni maneno, si karatasi. Nani atakililia kitabu chakavu akipewa kipya?

Achieng' alipoulizia, nilisema bado nakifanyia kazi. Mwezi uliofuata, bado. Uliofuata tena, bado...

Tulikizindua kitabu kipya mjini. Watu walipiga makofi, wakaniita mwokozi wa historia yetu. Kichwa kikavimba!

Nikampelekea Dani nakala mbili. Alivaa miwani, akafungua ukurasa, akafungua mwingine, kidole kikipita polepole pale pembeni palipokuwa peupe.

"Iko wapi?"

"Nini, Dani?"

"Maneno ya mzee."

Achieng' ndiye aliyenieleza. Babu yake alipooza upande mmoja, akapoteza sauti. Miezi yote aliyolala, kitabu hicho kilikuwa kando ya kitanda, na humo ndimo alimomwandikia mkewe kila alichoshindwa kutamka. Tangu afe, Dani alisoma ukurasa mmoja kila Jumapili akitoka kanisani.

"Na kile cha zamani kiko wapi?" Achieng' akauliza.

Nikadanganya tena! Nilisema kiko kwa mchapaji.

"Basi twende tukichukue sasa hivi."

Hapo nikaangua kilio, nikasema yote.

"Digrii yote hiyo," Achieng' alisema, "na hukuona kwamba ule ni mwandiko wa mtu?" Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Dani hakunifokea. Heri angenichapa! Alisema tu, "Kitabu hata wewe unayo, hata watu wa Nairobi wanayo. Mimi nilikuwa na penseli."

Nilikimbia kwa mama wa njugu. Alicheka. "Karatasi ya lini hiyo, dada? Watu walishakula, wakatupa!"

Sasa naenda Bondo na daftari. Dani ananisimulia anachokumbuka, nami naandika. Mara ya kwanza aliniambia kwamba mzee alimwomba msamaha kwa sababu ya ng'ombe aliyemuuza bila kumwambia. Juzi akasema hapana, ni yeye Dani aliyekosa, na mzee alimwandikia kwamba amemsamehe.

Nikamwuliza ipi ndiyo kweli.

"Mimi nimezeeka," akasema. "Wewe ndio ulikuwa na kitabu."

Ndugu zangu wasomaji, sheria haikunikataza lolote, na bado nimemwibia mjane mume ambaye kifo kilikuwa kimeshamwibia mara ya kwanza! Msinifuate. Ukikabidhiwa kitabu cha zamani, keti na mwenyewe, mwombe akusomee yale anayoyasoma yeye humo. Na kama kuna kitabu cha mtu nyumbani kwako, kirudishe leo. Hicho hicho, na uchafu wake wote.