Aliyetoka Tanuruni

Tanuru liligongwa kutoka ndani.

Kaka mtu akajifanya hakusikia. Chuma kikipata moto hulia, kila fundi anajua. Mle walikuwa wameingiza mtungi mkubwa wa kupokezana joto, tumbo limejaa mabomba, maji ya moto yapite huku, ya baridi kule. Yeye ndiye aliyeuchomelea. Na mtungi ukishachomelewa hauachwi hivi hivi. Unapashwa polepole, unapozwa polepole, la sivyo viungo vinapasuka siku ya kazi.

Kazi ya kupima huo moto ilikuwa ya mdogo wake, tumbo moja, baba mmoja, na hawasemeshani tangu walipomzika mama yao. Kila mmoja anadai mama alikata roho mikononi mwake. Watu wazima na ndevu zao!

Sasa, kabla ya kufunga mlango wa tanuru lazima uite: "Kuna mtu?" Maana mdogo mtu huingia mle kufunga nyaya za kupimia joto. Siku ile kaka mtu hakuita. Aanze yeye kumsemesha yule? Thubutu! Akabamiza mlango, akawasha.

Likagongwa tena. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua.

"Kaka... nifungulie. Naungua."

Sauti ya mdogo wake hasa. Akashika komeo la mlango.

Dereva wa winchi akamdaka mkono. "Usifungue! Ndugu yako nimemwacha nje anakunywa chai."

"Na huyu ni nani?"

"Ndiyo maana nakwambia usifungue."

Akafungua.

Akatoka mdogo wake, ovaroli ile ile, kovu lile lile la kwenye nyusi, hana hata lengelenge. Dereva akamvamia na nondo. Yule akamshika uso kwa kiganja, kama unavyompangusa mtoto kamasi, na alipouachia, ngozi ilibaki kiganjani. Dereva akapiga ukelele mmoja, basi.

Mdogo mtu akaja mbio kutoka nje, akamrukia yule mwenye sura yake, wakaanguka, wakabiringishana kwenye damu na moshi, huyu juu, huyu chini, meno yanang'oka, ovaroli zinachanika, kila mmoja anaita "Kaka, mpige huyu!" na kaka mtu amesimama na nyundo juu, hajui ampige nani, kwa sababu uso ni mmoja, sauti ni moja, na yeye alishaacha siku nyingi kumtazama ndugu yake usoni.

"Tulieni!" akafoka. "Mama alifia mikononi mwa nani?"

Mmoja akatema damu. "Mwangu! Hata uniue, mwangu! Wewe ulikuwa unakoroma, mvivu mkubwa wewe!"

Mwingine akainamisha kichwa. "Mwako, kaka. Nisamehe."

Jamani, neno hilo alilingoja sana. Nyundo ikamshukia yule wa matusi, ikavunja taya, ikavunja goti, akamburuta kwa ukosi, akamsukumia kwenye moto, akafunga. Mlango ukapigwa, ukapigwa, makelele yakapanda mpaka yakawa kama ya mnyama, halafu kimya.

Waliobaki wakakumbatiana wakilia. Kaka mtu akamfunika dereva turubai, akamshika ndugu yake mkono ampeleke kwanza kwa mkewe. Mkono ulikuwa wa moto. Homa ya vita, akajiambia.

Mke alipowaona pamoja mlangoni alishika mdomo. "Shemeji! Kulikoni?"

"Tumepatana. Lilitoka jini lenye sura yake, nimelirudisha tanuruni. Mumeo kaniomba radhi."

Mwanamke akamtazama yule aliyekwishaingia na kukaa kwenye kiti. Akamvuta shemeji yake nje, akanong'ona.

"Nani kakuomba radhi?"

"Mumeo."

"Huu mkono alinivunja, hakuniomba radhi. Mtoto alimmwagia maji ya moto, hakuomba. Mama yenu alimpigia magoti aniombe radhi, shemeji, magoti! Hakulitamka neno hilo."

Kutoka ndani ilikuja harufu ya nywele, na sauti ya upole: "Mke wangu, nisamehe, naomba maji."

Mwanamke akamng'ang'ania shemeji yake shati. "Huyo uliyemtia motoni alisemaje?"

Kaka mtu akageukia upande wa tanuru.

"Alinitukana."