Behewa Ambalo Sikulipaka Rangi

Jumamosi ile nilikwenda kwa dada kupeleka kopo la rangi ya kijivu. Jua lilikuwa limeshalegea. Kazi yenyewe ndogo tu: paa la kiwanda cha saruji lilikuwa limebabuka, na shemeji alitaka nilipake kabla treni ya mizigo haijaondoka.

Kiwanda hicho kinaenea kiganjani.

Nieleze kidogo. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa karani wa mizigo relini miaka thelathini. Alipostaafu alijenga reli nyingine ndogo kwenye chumba cha nyuma: meza zimezunguka kuta zote nne, bandari karibu na mlango, ghala la nafaka chini ya dirisha, kiwanda, karakana. Mimi ni fundi rangi. Kila kilima na kila behewa mle ndani nimelipaka mwenyewe. Mke wangu hutucheka, anasema wazee wawili wamerudi chekechea.

Anacheka kwa sababu hajaona tunavyofanya kazi. Treni yetu haizunguki ovyo. Kila behewa lina kadi yake iliyokunjwa, kurasa nne, kila ukurasa safari moja. Safari ikiisha, karani anageuza ukurasa na behewa linapata pengine pa kwenda. Kadi hukaa ndani ya kifuko cheusi kinachoficha nusu ya chini, yaani mambo ya karani: nani ametuma, nani atapokea, mzigo gani. Dereva hayamhusu. Na dereva ni mimi. Nikisoma "ghala kwenda bandari", napeleka, naacha, natia saini.

"Dereva anayeuliza kuna nini ndani si dereva," shemeji hupenda kusema. "Huyo ni mpelelezi."

Nyumba ilikuwa imetulia. Shemeji alikuwa ametoka kununua fyuzi. Jikoni nilimsikia dada akiimba huku anaosha vyombo, nikafurahi moyoni. Miezi mitatu alikuwa kitandani, kifua kimembana, kikohozi chake cha tangu ujana kimerudi, tumeshaanza kusemezana kwa kunong'ona tukipita mlangoni kwake. Halafu Jumamosi moja akaketi. Iliyofuata akatembea hadi jikoni. Sasa anaimba.

Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa sijaota meno.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa taabani. Wiki tatu nilikuwa sipandi ngazi ya kazi zaidi ya hatua tano bila kusimama kutafuta hewa. Asubuhi ile nilivaa viatu nimeketi, nikahema kama niliyekimbizwa. Daktari alisema mapafu yangu masafi, nipumzike tu.

Niliwasha taa ya chumba cha nyuma. Treni ilikuwa imeshapangwa. Injini, matangi mawili, behewa la saruji, na nyuma kabisa behewa jeusi.

Nikaliangalia lile jeusi.

Nilikuwa nimelivuta Jumamosi tatu mfululizo. Siku zote shemeji aliniharakisha, saa ya ukutani inakimbia, bandari inasubiri. Leo hapakuwa na wa kuniharakisha, na jicho la fundi likaona kitu. Rangi ile haikuwa yangu. Haikuwa na alama ya brashi popote. Nikainusa. Hainuki rangi. Inanuka... mdomo wa mtu aliyelala.

Nikalishika.

Lilikuwa na joto.

Nikaliweka sikioni, polepole, huku nikijiona mjinga. Ndani kulikuwa na sauti. Inaingia... inatoka. Inaingia... inatoka.

Nikaichukua kadi yake. Kwa mara ya kwanza tangu reli ile ijengwe, niliitoa kwenye kifuko.

Ukurasa wa kwanza. Mtumaji: jina langu kamili, na la baba yetu. Mpokeaji: jina la dada. Mzigo: pumzi, robo. Juu, kwenye nusu ya dereva, saini yangu.

Wa pili vilevile. Robo. Saini yangu.

Wa tatu vilevile.

Wa nne ulikuwa bado haujasainiwa. Mzigo: yote iliyobaki.

Nilitamani iwe kazi ya shemeji. Shemeji ni mtu wa kuoa tu, ningemchukia nikamaliza. Lakini mwandiko ule wa mviringo ndio ulionifundisha kuandika jina langu, juu ya meza ya jikoni, mkono wa dada umeshika wangu.

Kule jikoni wimbo ulikuwa umekatika.

"Umesoma," alinong'ona dada. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina povu. Shemeji alikuwa nyuma yake na fyuzi mkononi, macho chini.

"Hili behewa limetoka wapi?"

"Kuna mzee alilileta hapa na kadi yake tupu," shemeji alisema. "Hata sikumfahamu. Alisema dereva lazima awe mwenye mzigo... na asiulize."

"Kwa hiyo mimi."

"Nani mwingine angevuta mara tatu bila kuuliza?"

Nikamgeukia dada. Machozi yalikuwa yananitoka, siyafichi. "Mwandiko ni wako."

"Ni wangu."

"Mnanizunguka nyumbani mwenu, huku mnanipa chai. Ungeniomba, dada. Mimi? Ningekupa."

Akajifuta povu mikononi.

"Basi nakuomba, mdogo wangu. Imebaki safari moja."

Nilifungua mdomo. Nilitafuta lile neno nililokuwa nimelisema sasa hivi tu, na sikulipata. Dada aliona. Aliona kabla yangu.

Nililitia behewa mfukoni nikapita katikati yao. Akanishika mkono wa shati. Hakuwa na nguvu ya kunizuia.

"Nimekubeba mgongoni mimi," alisema taratibu.

Nikatoka. Njia nzima kitu kile kilikuwa kinapanda na kushuka kwenye paja langu.

Alirudi kitandani wiki hiyohiyo. Alifariki Jumatano ya wiki ya tatu. Sikwenda kumwona, na ndugu wote wananisema kwa hilo, waache waseme. Siku ya mazishi shemeji alinikumbatia mbele za watu, akaweka mdomo sikioni kwangu.

"Usilifungue," alinong'ona. "Bado yumo."

Liko kabatini, chini ya mashati. Mimi sijapona wala sijazidiwa. Hatua tano za ngazi, basi. Mara mbili nimeweka ukucha kwenye kimlango chake nikaondoa. Kama ndani ni pumzi yangu, naihitaji. Kama ni yeye, sijui nitakuwa namfungulia au namuua mara ya pili. Hasira yangu kwake haijaisha hata kidogo. Lakini jioni nakaa karibu na kabati nasikiliza, na nilianza kujiambia kwamba ni pumzi yangu tu ile, haina mtu.

Jana lilikohoa.

Nakijua kikohozi kile tangu nikiwa mtoto.